Barua ya wazi kwa wahariri wa kanuni za msingi: fani 13 ni nyingi, na tatu kati yake ni moja

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Jopo la Wahariri wa Kitabu cha Kanuni za Msingi.

YAH: UTEUZI WA FANI ZA WAHUSIKA KATIKA RASIMU YA TATU

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Tulituma maoni mara mbili kwa njia mliyoielekeza wenyewe, juu ya rasimu ya kwanza na juu ya rasimu ya pili ya kitabu chenu cha mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili. Mara zote tulijibiwa kwamba maoni yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Rasimu ya tatu imetoka, na orodha ya fani ni ileile, ila imeongezwa moja. Ndiyo maana leo tunaandika mbele ya wote.

Hatuna ugomvi na kazi yenu. Sura ya silaha imetulia. Aliyeamua kwamba sime na jambia zisimezwe na neno "kisu" anajua anachokifanya. Sura ya mapigano inasomeka kwa sauti mezani bila ulimi kukwama. Lakini orodha ya fani si sura kama sura nyingine. Bei ya upanga ikikosewa, mwendesha mchezo, yule anayesimulia kisa na kuamua mezani, anaisahihisha kwa kalamu. Fani ikishachapwa katika kitabu cha msingi haitoki tena: karatasi za wahusika, visa, majini na hazina, vyote vitapimwa kwayo, na atakayeiondoa baadaye ataonekana amempora mtu haki yake.

Kwa msomaji asiyecheza: fani, au klasi kama wengi wanavyosema mezani, ndiyo kazi ya mhusika katika mchezo wa kuigiza wa dadu na kalamu. Ndiyo inayoamua ana nukta ngapi za uhai, anapigana kwa nini, anajua manuizo (maneno ya mazingaombwe) gani, na nini kinaongezeka akipanda ngazi. Mchezaji mpya akikaa, swali la kwanza analoulizwa baada ya jina ni hilo: wewe ni nani? Orodha mtakayompa hapo ndiyo mchezo wenyewe kwa macho yake.

Hoja zetu ni hizi.

1. Orodha imerithiwa, haikuteuliwa.

Rasimu imechukua fani zote 12 kama zilivyo katika SRD 5.1, waraka wa kanuni za Dungeons & Dragons uliotolewa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons. Kisheria mko sawa. Leseni inataka mtaje chanzo tu. Mwaka huohuo waraka ulitoka pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. Kiswahili hakikuwamo, kwa hiyo mnalima shamba ambalo halijaguswa, na kwa hilo tunawapongeza. Lakini kuruhusiwa kuchukua si sababu ya kuchukua.

Namba 12 si msahafu. Mwaka 1974, mchezo huu ulipotolewa Lake Geneva, Wisconsin, na Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na fani tatu: mpiganaji, mtu wa mazingaombwe na kuhani. Mwizi na shujaa mtakatifu waliingia 1975 katika nyongeza ya Greyhawk. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilikuwa na fani kumi, na malenga akawekwa nyuma kabisa kwenye kiambatisho. Ili uwe malenga ilibidi kwanza upande ngazi za mpiganaji, kisha za mwizi. Mwaka 1989 muuaji na mtawa wakatolewa. Mwaka 2000 mtawa akarudi, zikawa 11. Mwaka 2008 zikawa nane tu. Mwaka 2014 zikawa 12.

Kila waliokaa kupanga orodha hiyo waliamua upya, wakatia na kutoa, wakalaumiwa. Hata wenzao wa Pathfinder, mchezo mwingine wa namna hii, walipopanga upya vitabu vyao, cha kwanza cha wachezaji cha 2023 kilibeba fani nane, na nane nyingine, pamoja na mtawa, zikasubiri kitabu cha pili cha 2024. Ninyi mmepewa nafasi ya kuamua, mkaamua kutoamua.

2. Mchawi, Mlozi na Mwanga ni mtu mmoja.

Fungueni kamusi yoyote ya Kiswahili. Mlozi ni mchawi. Mwanga naye ni mchawi, yule wa usiku. Mlitafuta maneno matatu kwa sababu Kiingereza kina wizard, sorcerer na warlock, mkapata majina matatu ya adui mmoja. Kijana wa Tanga au wa Kisumu akisoma orodha hiyo haoni chaguo tatu, anaona onyo.

Mkisema hilo ni la tafsiri tu, tuziangalie kanuni zenyewe, maana majina yamegongana kwa sababu kazi nazo zimegongana.

Mnayemwita Mlozi alizaliwa mwaka 2000 akiwa na kazi moja. Wakati huo msomi wa mazingaombwe (wizard, mnayemwita Mchawi) alilazimika kuamua asubuhi: nuizo hili mara mbili, lile mara moja. Akilitumia la kufungua mlango halafu ukatokea mlango wa pili, basi, limekwisha. Mlozi alijua manuizo machache, ila aliyatumia kwa mpangilio wowote aliotaka. Tofauti ilikuwa hiyo tu, na ilitosha. Mwaka 2014 kanuni zikageuka. Msomi sasa anaandaa orodha yake asubuhi, kisha anatumia nafasi zake, yaani idadi ya mara za kutumia manuizo, kwa nuizo lolote lililomo, hata lilelile mara tatu. Yaani alikabidhiwa kazi ya mlozi. Mlozi akabaki na udhaifu wake bila faida yake: ngazi ya kwanza anajua manuizo 2, na hata akifika ngazi ya 20 anajua 15. Msomi mwenye akili 16 anaanza na manuizo 6 kitabuni na anaandaa 4 kila siku.

Ili mlozi asife njaa alipewa uwezo wa kulipinda nuizo, kwa mfano kulirefusha au kulielekeza kwa watu wawili. Ni uwezo mzuri, ila katika SRD 5.1 unaanza ngazi ya tatu. Ngazi mbili za mwanzo, ambazo ndizo mchezaji mpya atakazocheza majuma yake ya kwanza, mlozi ni msomi mwenye daftari fupi na ngozi ngumu ya joka. Ngozi ya joka inaweza kuwa tawi, yaani njia mojawapo ndani ya fani, haihitaji fani nzima.

Mwanga, tunakiri, ana kitu chake. Nafasi zake za manuizo ni chache, 1 ngazi ya kwanza na 2 kuanzia ngazi ya pili hadi ya 10, lakini zinarudi kwa pumziko fupi la saa moja wakati za wengine zinangoja walale. Hapo ndipo panapovuja. Kanuni za 2014 zilipigiwa hesabu ya mapambano sita hadi manane kwa siku moja ya wahusika, na mapumziko mafupi mawili katikati. Meza inayokutana Jumamosi saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili haifikishi sita. Inafikisha mawili, yakizidi sana matatu, kisha watu wanawahi usafiri. Katika siku ya mapambano mawili bila pumziko, mwanga wa ngazi ya tano ana nafasi 2 za manuizo na msomi wa ngazi hiyohiyo ana 9. Mchezaji wa mwanga atadhani amekosea kujaza karatasi. Hajakosea. (Mtawa anaumwa ugonjwa huohuo, kwa kuwa nguvu zake nazo zinarudi kwa pumziko fupi.)

Tena tawi pekee la mwanga katika SRD 5.1 ni la mkataba na ibilisi. Mnataka kitabu hiki kifike kwenye vilabu vya shule, na utangulizi wenu umesema hivyo. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, Kenya ina yake tangu 1925, na vikongwe wameuawa kwa tuhuma ya neno hilohilo mnalolitia kwenye karatasi ya mhusika kama cheo. Hatusemi wachawi wasiandikwe. Hadithi zetu zimejaa wachawi. Tunasema kwamba kwa Kiswahili mchawi hakai upande wa wachezaji. Mwekeni kwenye sura ya maadui, mpeni nukta za uhai 40 na fisi wa kupanda, na kila meza itamkimbia kwa furaha.

Yule msomi wa vitabu ana jina tayari huku pwani: mwanafalaki. Ni mtu wa nyota, wa majedwali na wino. Kanuni zinamfaa bila kulazimisha. SRD inasema kunakili nuizo jipya kitabuni kunachukua saa 2 na vipande 50 vya dhahabu kwa kila ngazi ya nuizo. Msomaji wa Lamu au Unguja hatahitaji kuelezwa kwa nini wino na karatasi za kazi hiyo ni ghali.

3. Majina yanayobeba dharau.

"Mshenzi" litoke. Hili hatuliombi kwa upole. Neno hilo pwani lilimtenga mtu wa bara na muungwana katika enzi ambazo aliyeitwa mshenzi aliweza kukamatwa na kuuzwa. Hamwezi kulichapa juu ya karatasi ya mhusika kisha mkampa mchezaji wa Tabora aijaze.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina jina la kazi yenyewe, kuliko hata Kiingereza: mori. Mpiganaji anapandwa na mori. Kwa dakika moja anaongeza madhara 2 kwa kila pigo la nguvu, na mapigo ya silaha za kawaida yanampunguzia nusu tu. Ngazi ya kwanza anaweza kufanya hivyo mara 2 kwa siku. Mori ni hali inayompata mtu. Si kabila, si ustaarabu wala ukosefu wake. Iwekeni kama tawi la Mpiganaji. Mtaokoa na dadu pia, maana fani hiyo ndiyo pekee inayopima uhai kwa dadu ya pande 12, na kwa wengi wetu dadu za namna hiyo ni za kuagiza, wakati za ludo zimejaa madukani.

"Mgambo" linachekesha, na hilo ndilo tatizo lake. Mlitaka mtu wa porini anayefuata nyayo. Msomaji wa Dar es Salaam ataona kirungu na meza ya machinga ikipinduliwa. Msasi lipo, ni la zamani, ni safi.

"Mwizi" wenye mchezo wenyewe waliliacha mwaka 2000 wakachukua jina pana zaidi, na walikuwa na sababu: ukimwita mhusika mwizi, mchezaji mpya anaanza kwa kuwaibia wenzake mezani, na kikao cha kwanza kinaishia hapo. Mjanja anafanya kazi zote za mwizi na nyingine zaidi.

4. Fani zinazotegemea kanuni ambazo kitabu hakina.

Huyo Mgambo mmemnakili kutoka toleo la 2014, toleo lenye ugonjwa unaojulikana. Anachagua aina moja ya ardhi, tuseme msitu. Akiwa msituni kundi lake halipotei njia ila kwa mazingaombwe, ardhi mbaya haiwacheleweshi, na akitafuta chakula anapata mara mbili. Akitoka msituni, hayo yote hana. Kwa hiyo nje ya msitu hana faida, na ndani ya msitu anaifuta safari badala ya kuifanya iwe na utamu. Mwendesha mchezo anayetaka watu wapotee porini hawezi tena; anayetaka safari ya kusisimua anaambiwa "tumefika". Kasoro hiyo ilitolewa marekebisho ya majaribio 2016, ikaongezewa vipengele mbadala 2020, ikaandikwa upya 2024. SRD 5.2, iliyotoka Aprili 2025 kwa leseni hiyohiyo, ina toleo lililorekebishwa. Hatuelewi kwa nini rasimu ya tatu bado inabeba la zamani wakati jipya ni bure vilevile.

Na hata hilo jipya litahitaji ninyi muandike kanuni za safari: mwendo kwa siku, maji, kupotea, kulala nje. Rasimu imezipa nusu ukurasa. Msasi bila kanuni za safari ni mpiga mishale.

Mganga wa Msitu anageuka mnyama kuanzia ngazi ya pili. Chui anafaa kwa ngazi hiyo, kwa kuwa ugumu wake kwenye kipimo cha maadui ni robo na hana mbawa wala hahitaji maji. Vizuri. Lakini takwimu za chui mmeziweka kwenye kitabu cha mwendesha mchezo. Mchezaji akitaka kugeuka itabidi aazime kitabu ambacho hatakiwi kukisoma, kila kikao. Ama mchape wanyama kumi ndani ya fani yenyewe, kurasa mbili na nusu kwa robo ukurasa kila mmoja, ama fani isubiri.

Sasa Nahodha, fani ya 13, ambaye ni wenu na ambaye tunajua mnampenda. Kaskazi, kusi, tanga, vyote vimeandikwa vizuri. Lakini kati ya uwezo wake mitano, minne inataka chombo na maji. Kisa kikiingia pangoni au kikipanda mlima, Nahodha anabaki mpiganaji asiye na ngao. Unahodha ni asili ya mhusika, mahali alikotoka. Kitabu cha 2014 kina asili 13 za namna hiyo na baharia ni mojawapo: inampa mtu ujuzi wa vyombo vya majini na zana za kuongozea safari, kisha inamwacha achague fani yoyote. Fanyeni hivyo na mtapata mwanafalaki nahodha, ambaye ni mtu halisi wa historia yetu, na mjanja nahodha, ambaye kila bandari inamjua.

5. Kila fani mnayoongeza inawanyang'anya wengine kitu.

Mwaka 1974 mtu yeyote aliweza kusema "nanyata", na mwendesha mchezo akaamua. Mwizi alipoingia na asilimia zake za kunyata na kujificha, waliobaki wakaanza kuambiwa hiyo si kazi yao. Na mwizi mwenyewe hakunufaika sana: katika kijitabu cha Basic cha 1981, mwizi wa ngazi ya kwanza ana asilimia 15 ya kufungua kufuli, 10 ya kujificha kivulini na 10 ya kuutegua mtego. Kupanda ukuta tu ndiko alikokuweza, asilimia 87. Kwa hiyo wote walinyang'anywa ili apewe mmoja ambaye mara tisa kati ya kumi anashindwa.

Rasimu imerudia kosa hilo kwa Malenga. Mmeandika kwamba malenga pekee anaweza kutegua kitendawili cha jini. Kwa nini? Watu wanne wamekaa mezani, wote walisema "tega" wakiwa watoto, halafu watatu wanyamaze? Mwacheni kila mmoja ajaribu, na malenga aongeze dadu ya pande 6 kwa atakayemhamasisha, kama kanuni zinavyompa tayari tangu ngazi ya kwanza. Uwezo wa fani uongeze. Usimfungie mwingine mlango.

Tumesema hilo kwa sababu malenga tunamtaka. Ndiye pekee katika orodha nzima ambaye amekuwa bora kwa kuhamia Kiswahili. Kujibizana kwa beti mbele ya adui ni pambano ambalo msomaji wetu analijua kabla hajafungua kitabu.

Sasa utetezi tunaoutarajia.

Mtasema mchezaji aliyezoea vitabu vya Kiingereza atazitafuta fani zote 12. Huyo ana kitabu chake. Hiki ni cha asiye nacho. Ila mna haki kuogopa lawama ya 2008: malenga, mganga wa msitu na yule wa mori waliachwa nje ya kitabu cha kwanza, wakaja 2009, na mtawa akangoja hadi 2010. Wengi hawakusahau. Dawa yake ni kuchapa nyuma ya kitabu cha kwanza orodha ya zitakazokuja katika cha pili, pamoja na mwaka.

Mtasema mwendesha mchezo aondoe asichokitaka. Mwenye uzoefu ataondoa. Anayeanza hajui kipi kinashika kipi, na kitabu chenu ni cha anayeanza. Tena kurasa haziondoleki. Fani 8 kati ya 12 za 2014 zinategemea sura ya manuizo, na katika kitabu hicho cha kurasa 320 maelezo ya manuizo peke yake yanakula karibu 80. Mkipunguza fani za mazingaombwe mnapunguza pia manuizo ya kutafsiri, kuhariri na kupanga.

Mtasema fani chache zitachosha. Kanuni za msingi zilizotolewa bure mwaka 2014 zilikuwa na nne tu, mpiganaji, mjanja, kuhani na msomi, kila moja na tawi moja. Zilitosha kuendesha mchezo kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 20.

Na mkisema kazi imeshafanyika, haipotei. Inahamia juzuu ya pili.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, juzuu ya kwanza ibebe fani sita: Mpiganaji, pamoja na tawi la mori, Mjanja, Kuhani, Mwanafalaki, Malenga, na Msasi, kwa sharti la kanuni za safari na kwa kufuata SRD 5.2. Kuhani sisi tungemwita Mganga, ila hilo hatutaligombania.

Pili, Mganga wa Msitu na wanyama wake, Shujaa Mtakatifu, Mtawa kwa jina lingine lisilomchanganya na wa kanisani, na yule wa mkataba, waende juzuu ya pili, na mwaka wake utangazwe. Ngozi ya joka iwe tawi la Mwanafalaki. Nahodha awe asili.

Tatu, kila fani ijaribiwe kabla ya kupangwa kurasa, namna hii. Wachezaji wanne, wawili wao wasiowahi kucheza. Ngazi ya 1, kisha ngazi ya 5. Matukio matatu ya dakika 30: pambano, mabishano ya maneno, safari. Mtu mmoja asiyecheza aandike mara ngapi zamu ya mchezaji ilikuwa na chaguo moja tu, na mara ngapi aliuliza "hiki kinafanyaje?" Kisha fani itolewe, mchezaji apewe Mpiganaji au Mwanafalaki, na matukio yarudiwe. Yakiisha vilevile, hiyo haikuwa fani.

Hesabu nayo ifanywe, haichukui muda. Mhusika wa ngazi ya kwanza anayeongeza 5 kwenye dadu ya pande 20 dhidi ya ulinzi 13 anapiga mara 13 kati ya 20, yaani asilimia 65. Mpiganaji mwenye upanga wa dadu ya pande 8 na nyongeza ya nguvu 3 ana wastani wa 7.5 akipiga, kwa hiyo karibu 4.9 kwa zamu, na ngao mkononi. Mjanja mwenye upanga mfupi na pigo la kuvizia ana 10, sawa na 6.5 kwa zamu, ila lazima avizie. Mwanafalaki na mshale wa moto wa dadu ya pande 10 ana 5.5, karibu 3.6, kwa umbali wa futi 120. Kila mmoja amelipia alichopata. Nahodha nchi kavu, kwa kitara cha dadu ya pande 6 mlichompa, ana 6.5 akipiga, karibu 4.2 kwa zamu, bila ngao, bila kuvizia, bila umbali.

Nne, tujibiwe kwa maandishi kabla rasimu haijakabidhiwa kwa mpanga kurasa. "Yamepokelewa" tumeshaipata mara mbili.

Tumeambatisha karatasi za majaribio za fani sita tulizozitaja, zikiwa zimejazwa kwa ngazi ya 1 na ya 5. Ya Nahodha tumeiacha wazi, muijaze wenyewe.

Ni sisi,

Waendesha michezo na wachezaji tuliosoma rasimu zote tatu.

Nakala:
Mhariri wa sura ya majini na maadui
Msanifu wa karatasi za wahusika